Uzi: "Kama" imeandikwa vilevile Kampala, Yerusalemu, Manila na Tokyo. Nani ndugu wa nani?

Mpambanuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila baada ya muda hapa jukwaani hushushwa uzi wa aina moja. Mtu ameokota neno la Kiswahili, akalikuta limeandikwa hivyohivyo kwenye lugha ya mbali, na papo hapo ameshafunga hesabu: Waswahili walitoka huko, au wale walitoka kwetu. Mara Kiebrania, mara Kihindi, mara Kijapani. Kurasa zinajaa, watu wanatukanana, na swali lenyewe halijaulizwa: neno hilo lilipita njia gani hadi likafika hapo?

Jambo hili linaniuma, kwa sababu historia ya Kiswahili ni tajiri na inathibitika. Haihitaji kupambwa kwa ushahidi wa kuokota. Nimechukua neno moja tu, "kama", nikalifuata kila ninapolijua, ili tuone lipi ni la damu, lipi ni la kukopa, na lipi ni mgeni tuliyefanana naye sura basi.

Tuanze nyumbani, maana ndani ya Kiswahili chenyewe "kama" ziko mbili na hazijuani.

Ya kwanza ni ile ya "anatembea kama baba yake", "kama hutaki sema", "walikuja watu kama ishirini". Hiyo tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko ni vipande viwili vilivyoshikana: *ka*, yaani mfano wa, na *ma* ya kuvuta, yaani kile ambacho. Haikuja peke yake. Ilikuja na wenzake: lakini, hata, ila, bila, au, wala, kabla, baada. Hapa naomba tutulie kidogo. Jina la bidhaa husafiri na bidhaa. Jahazi likileta kitu kipya, jina lake linashuka nacho gatini. Viunganishi haviji hivyo. Ili mtu aanze kusema "lakini" na "kama" ya lugha nyingine katikati ya sentensi yake mwenyewe, lazima watu wawe wamekaa mtaa mmoja, wameoana, wamesomeshana chuoni, wameandikiana barua kwa vizazi. Neno hili dogo linatueleza habari za maisha ya pwani kuliko orodha ndefu ya majina ya vitambaa na viungo.

Na hatukulipokea na kuliacha lilivyo. Kwa sharti Kiarabu kina *in*, *idha* na *law*, hakitumii *kama*. "Kama ukija nitakupa" ni kazi ambayo neno hili limepewa na Waswahili wenyewe.

"Kama" ya pili ni ya zizini: kukama ng'ombe. Watu wengi siku hizi husema kukamua, nalo limejengwa juu ya shina hilihili. Hii haikutoka ng'ambo. Ni kongwe kuliko mji wowote wa pwani yetu, kwani ipo kwa jamaa zetu wa Kibantu toka maziwa makuu hadi kusini kabisa ya bara. Waganda husema *okukama*. Wanyarwanda na Warundi husema *gukama*. Wakikuyu husema *gũkama*. Kwa Wazulu kukama maziwa kuna neno jingine, *ukusenga*, lakini *ukukhama* lipo kwa maana ya kubana na kukamua kitu maji, na hiyo ndiyo maana ambayo wataalamu wanaipa mzizi wenyewe: kubana kwa mkono hadi kitoke kilichomo.

Mtu atauliza: mbona Kinyarwanda kimeandika "gu" badala ya "ku"? Hapo ndipo utamu ulipo. Kinyarwanda husema *kugenda* na *kubona*, lakini *gukama* na *gutema*. Silabi inayofuata ikianza na sauti kavu kama k au t, ile k ya mbele hulainika ikawa g. Kikuyu hufanya vivyo hivyo. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Dahl, mmisionari wa Kijerumani aliyeiona katika Kinyamwezi, na Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, ndiye aliyeipa jina lake. Kwa hiyo tofauti ya "ku" na "gu" si kasoro katika undugu wa maneno haya. Inatabirika, na kwa kuwa inatabirika inakuwa ushahidi.

Sasa shukeni kusini zaidi. Lesotho, kukama ng'ombe ni *ho hama*. Botswana ni *go gama*. Ukitazama tahajia tu utasema hayahusiani na letu. Lakini Kisotho hugeuza k ya zamani kuwa h, na Kitswana huigeuza kuwa sauti ya kooni inayoandikwa g. Tazameni sasa: ku-kama, ho hama, go gama. Kanuni imefanya kazi mara mbili ndani ya neno moja, kwenye kiambishi na kwenye shina. Hiyo haiwezi kuwa bahati. *Hama* ya Kisotho ni *kama* yetu kwa damu, ilhali "kuhama" ya Kiswahili, ya kubadili makazi, inafanana nayo herufi kwa herufi na haiihusu hata kidogo.

Narudia, maana hili ndilo nililokuja kulisema: maneno yaliyoandikwa tofauti yanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na yaliyoandikwa sawasawa yanaweza kuwa hayajawahi kukutana.

Tuje Kiebrania, maana ndiko kelele nyingi ziliko. Ndiyo, Kiebrania kina *kama*, na maana yake ni ngapi, kiasi gani. Mtu akiuliza bei sokoni Yerusalemu huanza na neno hilo. Nalo limejengwa vilevile: *ke*, mfano wa, na *ma*, nini. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja wa Kisemiti, kwa hiyo *kama* ya Kiebrania na *kama* ya Kiarabu ni ndugu kweli. Ya kwetu tumeikopa kwa Kiarabu. Basi wale wanaosema kuna uhusiano hawajakosea kabisa. Wamekosea aina yake. Ni uhusiano wa ukwe. Kiswahili kiliikopa kwa Kiarabu, na Kiarabu ndicho chenye ndugu Yerusalemu. Hakuna Mwebrania aliyelazimika kufika Lamu ili hili litokee.

Lakini Kiebrania kina *kama* nyingine, na hii huandikwa kwa herufi tofauti mwanzoni, ile ya q. Maana yake ni nafaka iliyosimama shambani kabla ya kuvunwa. Ndiyo iliyotajwa katika Waamuzi 15:5, Samsoni alipowaachilia mbweha wenye mienge ya moto katika mashamba ya Wafilisti. Mzizi wake ni wa kusimama, na mzizi huohuo upo Kiarabu, na kwa mlango huo umejaa kwetu: kiyama, siku ya watu kusimama kutoka makaburini, kaimu, makamu, kama makamu wa rais, na ikama, ile ambayo mtumishi wa umma anaijua kwa idadi ya watumishi walioidhinishwa, na ambayo ndugu zetu walio Ghuba wanaijua kwa jina la kibali cha kuishi. Mkiliangalia "ikama" lina herufi zote nne za "kama" ndani yake. Halina uhusiano wowote nayo. K yetu moja imezibeba herufi mbili za Kiarabu, kafu na qafu, na tulipoingia kwenye herufi za Kirumi alama ya kuzitofautisha ikapotea.

Sasa wageni.

Kijapani kina *kama* zaidi ya moja: mundu wa kukatia nyasi, chungu cha kupikia wali, na tanuri la kuchomea vyungu. Kwa hati zao kila moja ina alama yake, hakuna anayezichanganya machoni. Mji wa Kamakura umeandikwa kwa alama ya mundu. Ni sisi tunaosoma kwa herufi za Kirumi ndio tunaoziona kuwa kitu kimoja, kisha tunataka na Kiswahili kiwemo.

Kituruki, *kama* ni jambia la makali pande zote mbili, na pia kabari. Kiestonia, *kama* ni unga wa shayiri, rai, oti (oats) na njegere zilizokaangwa kisha zikasagwa pamoja. Huchanganywa na maziwa ya mgando. Urusi kuna mto Kama, unaoingia Volga, wenye urefu wa kilomita 1,805. Malori ya KamAZ yamepata jina hapo, kiwanda chake kikiwa Naberezhnye Chelny, kando ya mto huo, na lori la kwanza likatoka mwaka 1976.

Manila, *kama* ni kitanda. Hilo ni rahisi: Wahispania walitawala Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1898, kitanda kwao ni *cama*, na Kitagalogi kilipoandikwa kwa k likawa *kama*, hivyo mnavyoliona. Mkopo wenye njia inayojulikana, mkopeshaji anayejulikana, na hata karne zinazojulikana.

Hawaii, *kama* ni mtoto. *Kamaʻāina* ni mtoto wa nchi, yaani mwenyeji. Hili nalipenda mno. Kisamoa na Kimaori, jamaa za Kihawaii, husema *tama*. Kihawaii kiligeuza t zote za zamani kuwa k: ndiyo maana mwiko, *tapu* huko Tonga, Hawaii ni *kapu*. Kwa maneno mengine, k ya *kama* ya Hawaii si k ya asili. Ukirudi nyuma vizazi kadhaa, neno halifanani na letu tena. Anayelinganisha *kama* ya leo na *kama* ya leo analinganisha vitu viwili vilivyokutana njiani vikitoka pande tofauti.

Na Kisanskriti, *kāma*, yenye a ndefu, ni matamanio, mojawapo ya malengo manne ya maisha katika mafundisho ya Kihindu, pamoja na dharma, artha na moksha. Kihindi cha leo kina *kām* mbili: moja ni hii ya matamanio, nyingine ni kazi, na hii ya kazi imetoka kwenye *karma* baada ya r kumezwa. Hata wao ndani ya nyumba yao wana mapacha wasio wa tumbo moja.

Nimemaliza ya kwangu. Karibuni, hasa wenye lugha za makwenu.

---

Nyarwanda_wa_Huye

Mkuu, asante sana. Mimi ni Mnyarwanda na nathibitisha *gukama*. Maziwa yanayopatikana kwa kukama tunayaita *umukamo*. Ila tunayo *gukama* nyingine pia: kisima au mto ukikauka tunasema umekama. Tunaandika vilevile.

Swali langu. Kwa "mfano wa" sisi tunasema *nka*. *Nka njye*, kama mimi. Waganda nao wana *nga*. Je, huoni kwamba "kama" ya Kiswahili inaweza kuwa ya Kibantu, kutokana na hiyo *nka*, na Kiarabu kimesingiziwa?

---

Mpambanuzi

Ndugu yangu, hoja nzuri, na umeileta kwa heshima.

*Nka* yenu na *nga* ya Waganda ni za Kibantu, hilo halina ubishi. Lakini ukitaka "kama" yetu itoke hapo, una deni la kulipa: ile "ma" ya mwisho imetoka wapi? Hakuna lugha ya jirani iliyonayo kwa maana hiyo. Kiarabu kinalipa deni lote kwa mkupuo. Umbo zima lipo, maana ipo, na watu wenyewe walikuwepo pwani. Tena "kama" haisimami peke yake. Maneno mengi ya kuungia sentensi katika Kiswahili yameingia kwa mlango huo. Neno moja likifanana naweza kusita. Likija na ukoo wake wote wa viunganishi, sisiti.

Hiyo *gukama* ya kukauka nimeifurahia. Mnaona wadau? Hata ndani ya Kinyarwanda, tahajia moja, kazi mbili: moja unapata maziwa, nyingine unakosa maji.

---

Mfugaji wa Karagwe

Wakuu, salaam. Mimi ni mfugaji, na kwetu Karagwe mtawala aliitwa Omukama. Rumanyika aliyempokea Speke, yule mpelelezi Mwingereza, pale Bweranyange mwaka 1861 alikuwa Omukama. Bunyoro na Toro nao hivyohivyo. Wazee wetu walitufundisha kwamba maana yake ni "yule anayekama", mkuu wa wakamaji, kwa kuwa ng'ombe ndio utawala. Waganda nao humwita Mungu *Mukama*. Sasa mwanzisha uzi, hii unaiweka wapi? Damu, mkopo au sura?

---

Mpambanuzi

Mzee wangu, shikamoo. Hili ni swali zito kuliko yote yaliyoulizwa hadi sasa.

Upande wa kuunga mkono kuna mambo mawili ya nguvu. *Okukama* lipo katika lugha hizohizo, na falme zenyewe zilijengwa juu ya ng'ombe. Maziwa yalikuwa na adabu zake, vyombo vyake na watu wake maalumu ikulu. Maana haijavutwa kwa kamba.

Upande wa pili kuna sarufi. Jina la mtendaji katika lugha zetu kwa kawaida huishia na i: mlinzi, mpishi, mwizi. Kinyarwanda, mkamaji ni *umukamyi*. Tungetarajia *omukami*, na tunaona *omukama*. Hilo halilizuii moja kwa moja, kwani mganga na mkulima wameishia na a na ni watendaji bila shaka. Lakini mtu makini hataruka hatua hiyo. Atachukua *okukama* na *omukama*, asikilize toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kwa wazungumzaji wa lugha hizo, kwa sababu lugha hizi zina toni na tahajia haiionyeshi. Kiswahili kilipoteza toni, ndiyo maana sisi tunasahau kabisa kuiuliza.

Na niseme wazi, mzee wangu: maelezo ya wazee yana thamani hata kabla ya mwanaisimu kutoa hukumu. Yanatuambia watu walivyouelewa utawala wao. Mtawala anayeitwa mkamaji anafikiriwa tofauti na anayeitwa mshika upanga. Hilo ni historia pia, ila ni historia ya fikra, na isichanganywe na historia ya sauti.

---

Mfugaji wa Karagwe

Marahaba. Nimekuelewa vizuri. Nitakaa na wazee nilisikilize neno lenyewe linavyotamkwa, maana kusema kweli *okukama* na *Omukama* sijawahi kuyaweka pamoja sikioni, nimeyaweka pamoja kwa maana tu.

---

Mwalimu wa Zamu

Mpambanuzi, nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi na uzi huu nitautumia darasani. Lakini mifano yako yote ya wageni ina maana tofauti: mundu, kitanda, mto. Hapo ni rahisi kukataa undugu. Je, sauti NA maana vikilingana vyote viwili? Wanafunzi wangu wataniuliza hilo dakika ya kwanza.

---

Mpambanuzi

Mwalimu, umegonga penyewe. Hata hapo haitoshi, na mfano upo ambao wanaisimu wote wanaujua.

Kaskazini ya Queensland, Australia, kulikuwa na lugha iitwayo Mbabaram. Mtaalamu R. M. W. Dixon alipokuwa akiikusanya katika miaka ya 1960 aliuliza mbwa anaitwaje. Jibu likawa *dog*. Sauti ileile ya Kiingereza, maana ileile, na wala halikukopwa. Lugha ya jirani, Kiyidiny, mbwa ni *gudaga*. Mbabaram ilikuwa na tabia ya kuangusha silabi ya mwanzo na kubadili irabu, na ukifuata mabadiliko hayo kwa maneno mengine utaona *gudaga* inaishia palepale. Ni sadfa tupu.

Kiajemi nacho kina *bad*, na maana yake ni -baya, sawa kabisa na Kiingereza. Lugha hizi mbili zina undugu wa mbali, lakini maneno haya mawili hayatoki mzizi mmoja. Hapo mtu angeapa kwa Mungu, na angekuwa amekosea.

Ukitaka kuwapa wanafunzi mfano wa upande wa pili, undugu usioonekana, uko mlangoni mwao. Njia: Kinyarwanda *inzira*, Kikuyu *njĩra*, Kizulu *indlela*. Mvua: *imvura*, *mbura*, *imvula*. Kulia machozi: *kurira*, *kũrĩra*, *ukulila*. Waandikie ubaoni uwaulize Kiswahili kimefanya nini. Wataona wenyewe kwamba palipo na r au l kwa wenzetu, sisi tumeidondosha katikati ya irabu, tena si mara moja. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kuigundua kanuni hiyo bila kuambiwa. Nadhani hiyo ni elimu kubwa kuliko kumpa orodha ya asili za maneno akariri.

---

Mwalimu wa Zamu

Njia, mvua, kulia. Nimeshayaandika. Jumatatu kipindi cha kwanza.

---

Bint_Muscat

Assalaam alaykum wote. Nipo Muscat, nyumbani tunasema Kiswahili cha Unguja na nje Kiarabu, kwa hiyo mambo haya ndiyo maisha yangu ya kila siku. Naleta "sana".

Kwetu ni kiasi kikubwa: nakupenda sana. Kiarabu, *sana* ni mwaka. *Sana* nyingine ya Kiarabu, isiyo na ile te ya mwisho, ni mmea wa dawa ya kuharisha, na bibi zetu waliuita sanamaki, yaani sana ya Makka. Kisha kuna sanaa, ufundi, inayoandikwa kwa swadi na ayni. Na Sanaa mji mkuu wa Yemen, nao kwa swadi. Kwa hati ya Kiarabu hakuna hata mbili kati ya hizi zinazofanana. Nikiwaandikia ndugu zangu wa Unguja kwa simu, zote zinakuwa kitu kimoja na kila mtu anaelewa kwa sentensi.

---

Mpambanuzi

Dada, wa alaykum salaam. Sanamaki! Ahsante kwa hilo, wengi wanainywa bila kujua kwamba mji mtakatifu umo ndani ya jina.

Nami niongeze "sana" za mbali. Kituruki, *sana* ni "kwako, kwa wewe". Kiindonesia ni "kule". Kitagalogi ni neno la kuomba jambo litokee, karibu na "laiti" au "natumai". Kilatini na Kihispania, *sana* ni -zima wa afya, kwa jina la kike. Viatu vya ASICS vya Japani vimepata jina lake kutoka herufi za mwanzo za msemo wa Kilatini wenye neno hilo, na wanariadha wetu wanakimbia nalo miguuni. Lakini inayonigusa zaidi ni ya Kifini. Kwao *sana* ni neno. Injili ya Yohana, pale tunaposoma "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", Biblia ya Kifini inasema *Alussa oli Sana*.

---

Chipukizi_Geita

Mkuu, na Seretse Khama, rais wa kwanza wa Botswana? Jina lake ni hiyohiyo kama ya kukamua?

Halafu "baba". Wachina *bàba*, Waturuki *baba*, sisi baba. Hapo huwezi kusema ni sadfa!

---

Mpambanuzi

Mdogo wangu, Khama ni *kgama* ya Kitswana, kongoni. Umeshaona juu kwamba kukama kwao ni *gama*. Kg na g kwao ni sauti mbili tofauti, na kanuni haiziruhusu kubadilishana.

"Baba" nakubaliana nawe, si sadfa. Lakini pia si undugu. Mtoto mchanga popote duniani huanza na sauti za midomo, ba, ma, pa, kwa kuwa ndizo rahisi, na wazazi walio mbele yake huzichukua wakaziita majina yao. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliandikia jambo hili. Kila lugha huligawa kivyake: Kijojia, *mama* ni baba, na mama ni *deda*. Kirusi, *baba* ni mwanamke, aghalabu mtu mzima. Kwa hiyo baba na mama usiziweke kamwe kwenye mizani ya undugu wa lugha. Zinazaliwa upya kila nyumba yenye mtoto.

---

Mama Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Bukavu, lakini nimekaa Kinshasa pia. Kilingala mia moja ni *nkama*, na mia mbili ni *nkama mibale*. Sokoni unalisikia kutwa. Ni ndugu wa hii kama ya maziwa?

---

Mpambanuzi

Mama, asante, hili nililisubiri mtu wa Kongo alilete.

*Nkama* ya mia ipo pia Kikongo, na ni jina la kuhesabia la Kibantu cha upande wa magharibi. Kukama na kuhesabu mia hakuna daraja la maana linaloviunganisha, na lile n la mbele ni kiambishi cha ngeli ya nomino, kwa hiyo naliweka pembeni na *kama* yetu zote mbili.

Ila swali lako linafungua jingine: kwa nini sisi tunasema mia? Kwa sababu mia ni ya Kiarabu, pamoja na sita, saba, tisa, ishirini hadi tisini, na elfu. Za Kibantu zilizobaki kwetu ni moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi. Zamani sita ilikuwa mtandatu, Wanyarwanda wangali nayo kwa *gatandatu*. Tisa ilikuwa kenda, na wazee wa pwani wangali wanaitamka. Saba ilikuwa mfungate. Hiyo imetoka kwenye kuhesabu lakini haijafa: maharusi wakikaa ndani siku saba tunasema wako fungate, na vijana wengi wanaolitumia leo kwa likizo ya siku tatu au wiki mbili hawajui kwamba wametamka saba.